Ghala linalogeuka maktaba: shajara ya mradi ya ofisi ya watu watano

Kukabidhiwa funguo

Jengo ni ghala la zamani lenye chini na ghorofa moja: nguzo na mihimili ya zege, kuta za matofali, kenchi za chuma na paa la bati. Upana wake ni mita 14 na urefu mita 32, na sakafu ya chini imeinuka sentimita 45 kutoka barabarani ili mizigo ishushwe kutoka malorini bila watu kuinama sana. Mteja anataka maktaba ya umma yenye sehemu kubwa ya watoto na ukumbi wa kusomea. Mchoro wa awali haupo hata mmoja. Waliolijenga hawajulikani, na kila tunachotaka kukijua kuhusu jengo hili itabidi tutoboe au tukwangue ndipo tukijue.

Hiyo ndiyo sababu ya shajara hii. Mchoro husema nini kimejengwa. Kwa nini kimejengwa hivyo, hausemi. Katika ofisi ndogo sababu hizo hukaa vichwani mwa watu wachache, na jengo huishi kuliko wao. Atakayekuja kulifungua jengo hili siku za mbele, tunataka akute yale ambayo sisi hatukuyakuta.

Tuko watano. Yupo Mzee, aliyeanzisha ofisi, ambaye ameshatuambia kwamba mradi huu ukiisha atapunguza kazi. Nipo mimi, mshirika wake. Yupo dada anayechora, ambaye mkono wake ndio unaotambulika katika kila karatasi inayotoka kwetu. Yupo kijana aliyehitimu usanifu majengo karibuni. Na yupo mtunza nyaraka, anayeshika pia hesabu na mikataba. Mhandisi wa miundo na mkadiriaji majenzi wana ofisi zao, lakini katika kazi hii tunawahesabu kama wa nyumbani.

Kubomoa au kubakiza

Barua ya kwanza ya mteja iliomba tubomoe na kujenga upya. Mzee aliisoma mbele yetu, akaikunja, akasema twende tukalione jengo kabla hatujajibu neno.

Kuna kisa anachopenda kutusimulia. Mwaka 1996 wasanifu Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal waliombwa kupendezesha uwanja mdogo wa Léon Aucoc huko Bordeaux, Ufaransa. Walikaa pale, wakatazama watu wanavyoutumia, wakazungumza na wakazi, wakahitimisha kwamba uwanja ulikuwa mzuri tayari. Pendekezo lao likawa matunzo: kokoto mpya, miti ishughulikiwe, usafi ufanyike mara nyingi zaidi. Hawakujenga kitu. Mwaka 2021 walipewa Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani, na msimamo wao wa kutobomoa ulitajwa miongoni mwa sababu za kuwaenzi.

Sisi hatuwezi kusema ghala hili liachwe lilivyo. Maktaba haiwezi kufanya kazi gizani chini ya bati linalochemka. Lakini swali la kwanza ni lilelile: hapa pana nini kinachofaa? Kiunzi cha zege kipo kimesimama. Utengenezaji wa saruji unachangia takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani, na sehemu iliyotokana na zege hili ilishatoka zamani. Kulivunja ili kumwaga jingine la umbo lilelile ni kulitoza anga mara mbili kwa kazi moja.

Mkadiriaji majenzi alipiga hesabu za njia zote mbili. Kubakiza kiunzi ni nafuu, alisema, mradi zege liwe zima. Mteja amekubali kwa sharti hilohilo.

Kupima

Dada yetu wa michoro ana sheria moja ambayo kijana ameishika haraka: ukipima mstari wa nguzo, usipime nafasi moja moja kisha ukazijumlisha. Weka sifuri kwenye kona, nyoosha futi kamba hadi mwisho, soma kila nguzo kutoka kwenye sifuri ileile. Kosa la nusu sentimita likitokea litabaki pale lilipotokea, halitarithiwa na vipimo vinavyofuata. Kipimo cha leza tunacho na tunakitumia, lakini ulalo wa kila chumba unapimwa kona kwa kona, kwa sababu leza haitakuambia kwamba chumba hakina pembe mraba kama hukuiuliza.

Na kweli hakina. Ukuta wa nyuma umekwenda pembeni kwa sentimita 11 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Tumeuchora ulivyo. Rafu zitakazotengenezwa kwa ajili ya ukuta huo zitafuata ukuta wenyewe.

Zege linasemaje

Wiki hii ilikuwa ya mhandisi, na nimeifurahia kuliko nilivyotarajia. Alianza na kifaa cha kutafuta nondo, akachora kwa chaki juu ya nguzo mahali kila nondo ilipo na kina chake. Kisha akakata vipande vya silinda kwa ajili ya maabara. Kisha ikaja sehemu ambayo kijana wetu hakuwa ameiona ikifanyika: kwenye zege lililovunjwa muda huohuo ananyunyizia kemikali iitwayo fenolfthaleini. Zege ambalo bado lina ualkali wake hugeuka rangi ya waridi iliyokolea. Zege ambalo hewa ya ukaa imeshaliingia na kuupoza ualkali huo halibadiliki.

Ualkali ndio unaoilinda nondo isipate kutu. Zege jipya lina pH, yaani kipimo cha ualkali, ya 12 hadi 13. Ikishuka karibu na 9, nondo imepoteza kinga, na unyevu ukifika kutu inaanza. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo inalisukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka.

Katika nguzo nyingi rangi ilitokea baada ya milimita 12 tu, na nondo ziko kwenye milimita 30. Hizo ni nzima. Upande wa nyuma, ambako mfereji wa paa umekuwa ukivuja kwa miaka, nguzo nne hazikugeuka rangi kabisa mpaka kwenye nondo. Hizo zitavunjwa zege la nje hadi nyuma ya nondo, chuma kisuguliwe mpaka king'ae, zijengwe upya. Mfereji unabadilishwa kwanza. Mzee amesisitiza mpangilio huo uandikwe katika ratiba ya mkandarasi, kwa sababu kutibu nguzo huku maji yakiendelea kushuka juu yake ni kazi bure.

Tumechora ramani ya nguzo zote na vipimo vyake vya rangi. Itabandikwa katika kitabu cha jengo, kumbukumbu tutakayoliachia jengo.

Vitabu vizito, wasomaji wepesi

Mteja alipendelea watoto wakae chini na rafu kuu za vitabu ziwe ghorofani, palipo na utulivu. Ni wazo linaloeleweka, na ndilo lililotuchukulia muda mrefu kuliko yote.

Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida husanifiwa ibebe mzigo wa takriban kilo 200 kwa kila mita ya mraba. Ofisi huhitaji kidogo zaidi. Rafu za maktaba zilizojaa, zikipangwa safu kwa safu, zinahitaji kilo 750 au zaidi. Karatasi ni nzito kuliko watu. Mtu anayehamisha makabati ya vitabu hulijua hilo mgongoni, ila kwenye mchoro linasahaulika kwa urahisi.

Tulidhani ghala litakuwa limejengwa kwa mizigo mizito juu na chini. Nondo zilisema vingine. Mhandisi anaona, kwa unene wa sakafu na nafasi ya nondo, kwamba juu palikuwa pa ofisi na kufungashia, na mizigo yenyewe ilikaa chini. Ghorofa inaweza kubeba kilo 300 kwa mita ya mraba kwa usalama. Inatosha kwa meza, viti na watu wanaosoma. Kwa rafu kuu haitoshi.

Tungeweza kuiimarisha kwa mihimili ya chuma. Mkadiriaji alitupa gharama yake bila kutushinikiza. Lakini mihimili hiyo ingeshusha dari ya chini na kula mwanga ambao tayari ni haba. Tukarudi kwa mkutubi atakayeendesha maktaba, tukakaa naye na vipande vya karatasi vilivyokatwa kwa kipimo cha rafu. Yeye ndiye aliyetoa jawabu: vitabu vyote vikae chini, na watoto wabaki hukohuko chini katikati ya vitabu, kwa sababu mtoto anayesoma hasimami mahali pamoja. Wanaohitaji kimya wapande juu na kitabu mkononi. Mpango ukawa bora kuliko ule tuliokuwa tukiutetea.

Kinachonitia wasiwasi ni baadaye. Atakuja mtu mwenye nia njema, ataona ukuta mtupu ghorofani, ataagiza rafu. Kwa hiyo kwenye kilele cha ngazi patawekwa kibao cha chuma, kilichochongwa maandishi, kinachotaja mzigo unaoruhusiwa na sababu yake kwa sentensi mbili. Nimeomba kisiwe cha kubandika.

Mwanga wa katikati

Kanuni ya kukadiria katika usanifu ni kwamba mwanga wa dirisha unafaa kusomea hadi umbali wa mara 2 au 2.5 ya kimo cha juu cha dirisha. Madirisha yetu yanaishia mita 2.4, kwa hiyo mwanga unafika mita 5 hivi kutoka kila upande, ukibahatika 6. Jengo lina upana wa mita 14. Katikati panabaki ukanda wenye kiza, na ndipo tulipoweka watoto.

Kijana alitengeneza mfano wa jengo kwa katoni, kwa kipimo cha 1:50, akautoa nje juani, akawa anautazama ndani kupitia tundu kwa saa tofauti za siku. Kompyuta yetu ina programu ya kukokotoa mwanga na tuliitumia baadaye, lakini uamuzi ulitoka kwenye katoni. Kila aliyeinama na kuchungulia alikubali kwamba sakafu ya juu itobolewe ili mwanga wa paani ushuke hadi chini.

Yeye alitaka tundu la duara. Alikuwa amelichora vizuri sana. Mhandisi aliutazama mchoro kwa muda, akasema, "Duara halina ubaya, kijana. Tazama tu nondo utakazozikata." Sakafu ile imelala kati ya mihimili, na duara lingeingia katika vipande vitatu vya sakafu na kupita juu ya mhimili mmoja. Tukiondoa kipande kizima kilichozungukwa na mihimili pande zote nne, hakuna mhimili unaoguswa na kiunzi kinabaki kama kilivyo. Kijana alikwenda kuchora upya usiku uleule. Tundu sasa ni mstatili, na ukingo wake umekuwa benchi ya kukalia kwa wanaosoma juu, yenye kizuizi cha kioo mgongoni. Benchi hiyo ni yake yeye, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Kioo cha paani hakitalala. Kitasimama wima, kikitazama upande usiopigwa na jua kali. Kioo kilicholala huleta joto na mwisho wake huvuja.

Kuhusu joto la bati tumejifunza kwa msanifu Francis Kéré. Shule ya msingi aliyoijenga kijijini kwao Gando, Burkina Faso, ilikamilika mwaka 2001: bati limeinuliwa juu ya dari ya udongo, na hewa ya moto inapita katikati na kutoka. Katika maktaba ya shule hiyohiyo alipachika vyungu vya udongo vilivyokatwa ndani ya dari, ili mwanga ushuke na hewa moto ipande. Sisi hatuna udongo wala vyungu, ila nafasi ya hewa kati ya bati na dari tunaweza kuipata: kenchi zinabaki, bati linainuliwa juu ya mbao, pande zote mbili zinaachwa wazi na kuwekewa wavu wa kuzuia ndege.

Lifti

Hapa palikuwa na mvutano. Makadirio yalizidi, na kitu cha kwanza kilichopendekezwa kuondolewa ni lifti, "iachwe nafasi, ije baadaye." Nilikataa, na Mzee alikataa pamoja nami. Chini tutakuwa na njia ya mteremko badala ya jukwaa la mizigo: kimo cha sentimita 45 kwa mwinuko wa 1:12 kinatupa mita 5.4, na sehemu tambarare ya mita 1.5 juu na chini ili kiti cha magurudumu kigeuke. Mtu atafika mlangoni bila kusaidiwa. Kisha aambiwe ukumbi wa kusomea uko ghorofani na "baadaye" haijafika?

Mkadiriaji alikaa na dada wa michoro wakapitia kila mstari. Walichokitoa ni mapambo ya chuma tuliyoyapanga kwa uso wa mbele. Matofali yaliyopo yatasafishwa na kuachwa yaonekane. Lifti imebaki.

Ngazi

Mzee hamwachii mtu ngazi. Anasema ni sehemu pekee ya jengo ambayo kila mwili unaipima kwa kuikanyaga. Anatumia kanuni iliyoachwa na François Blondel, Mfaransa wa karne ya 17: vimo viwili vya kipandio ukijumlisha na upana mmoja wa kukanyagia viwe kati ya sentimita 60 na 64, urefu wa hatua ya mtu. Kwa ajili ya watoto amechagua kimo cha 15 na upana wa 32, jumla 62. Kutoka sakafu hadi sakafu ni mita 3.60 baada ya umaliziaji, kwa hiyo vimo 24, vilivyogawanywa mara mbili na kituo katikati. Vishikio viwili, kimoja sentimita 90 na kingine 60. Nafasi kati ya fito za kizuizi haifiki sentimita 10, kichwa cha mtoto kisipite.

Saitini fundi mkuu aliuangalia mchoro akasema, "Mzee, hii hesabu ni ya ngazi iliyokwisha valishwa. Mimi namwaga zege." Wakakaa chini palepale na kalamu. Sakafu ya chini itapandishwa sentimita 4 na umaliziaji wake, ya juu 1, na kila kipandio 2. Ili ngazi iliyokamilika iwe na 15 kila mahali, zege la kipandio cha kwanza lazima liwe 17, la mwisho 16, na yote ya katikati 15. Mbao zikigongwa kwa 15 tupu kote, mtu angejikwaa chini na juu, kwa maana mguu hutambua tofauti ndogo ambayo jicho halioni. Mzee alimpa mkono. Karatasi waliyoandikia ina vumbi la saruji, na mtunza nyaraka ameiweka kwenye faili ilivyo.

Herufi kwenye kona

Kuta mbili fupi za vyoo zilianza kujengwa kwa mchoro wa toleo B wakati toleo D lilishatoka. Nakala ya zamani ilikuwa imebaki kwa fundi mmoja wa mkandarasi mdogo. Ziligundulika zikiwa kwenye kozi ya tatu, zikavunjwa, basi. Tangu hapo mtunza nyaraka anakwenda saiti mwenyewe kila toleo jipya linapotoka. Hatoi nakala mpya mpaka apokee ya zamani, na ya zamani inapigwa muhuri wa IMEFUTWA mbele ya aliyeileta. Mafundi wamemzoea. Wengine sasa humpa taarifa za saiti kabla hatujazisikia sisi.

Wiki za zege

Nguzo nne zimejengwa upya. Kituo cha ngazi na vipandio vimemwagwa. Vipande vya majaribio viko maabara: vingine hupondwa siku ya 7 kwa dalili ya mapema, vingine siku ya 28, ambayo ndiyo siku inayohesabika. Vya siku ya 7 vimefika juu ya theluthi mbili ya nguvu inayotakiwa. Zege linafunikwa magunia mabichi na kumwagiliwa, na fundi mkuu hamwamini mtu mwingine kwa kazi hiyo.

Kati ya hayo tuliitwa kusaidia kuchora jengo refu la ofisi kwa niaba ya kampuni kubwa. Tungelazimika kumwondoa dada saiti na kumweka mezani hadi mradi huu uishe. Tumewajibu kwamba hatutaweza. Aliyepima ukuta uliopinda ndiye anayepaswa kuwepo rafu zinapofungwa.

Hali ya sasa

Bati limeinuliwa na wavu umewekwa. Tundu la sakafu limekatwa, na mwanga unafika chini. Kijana amepima kwa kifaa na kuandika namba pembezoni mwa mfano wake wa katoni. Mfereji mpya wa nyuma umepitia mvua kubwa bila kuvuja. Shimo la lifti limepakwa dawa ya kuzuia maji, na linasubiri mashine.

Kilichobaki ni sauti. Tundu linaloshusha mwanga litapandisha pia kelele za watoto hadi kwa wanaohitaji kimya, na kioo cha benchi peke yake hakizuii. Dada amependekeza dari ya chini kuzunguka tundu iwe ya mbao zenye matundu na pamba ya kufyonza sauti nyuma yake, na mlango wa ukumbi wa juu usogezwe mbali na ukingo. Mkadiriaji anazo karatasi. Mkutubi ameomba tusiamue mpaka awalete watoto wachache wakae pale chini wasome kwa sauti, nasi tuwe juu tukisikiliza. Itafanyika kabla mbao hazijaagizwa.

Mzee ameanza kuandika sura yake katika kitabu cha jengo, inayohusu ngazi na mfereji. Nakala moja itakaa kwa mkutubi, moja ofisini, na moja ndani ya kabati la umeme la jengo lenyewe, mahali ambapo fundi yeyote atakayekuja kulirekebisha lazima afungue.